Chupa ya Kisima cha Bibi Mastura

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tumu alipigana vita na kamba. Kamba ya kisima cha bibi yake ilikuwa kuukuu na yenye inda. Ukiivuta kwa pupa, inakuchubua viganja. Ukiivuta kwa uvivu, ndoo inarudi chini na kukucheka kwa kishindo. Tumu alikuwa darasa la sita, na mikono yake ilikuwa imeota sugu ngumu hivi kwamba fimbo ya mwalimu wa zamu ikitua hapo ilidunda.

"Tumu, hebu fanya haraka," alisema Boga kutoka kwenye foleni. Boga alikuwa mwanafunzi mwenzake, mwembamba wa mwili na mnene wa maneno. "Ukiendelea hivi tutafika shuleni wakati wa likizo."

"Njoo uvute wewe basi, bingwa."

"Mimi? Mimi ni mteja tu."

Wanawake waliokuwa na ndoo zao walicheka. Mwaka huo wa 1994 mifereji mingi ya Junda ilitoa upepo badala ya maji, kwa hiyo nusu ya mtaa ilikitegemea kisima cha Bibi Mastura. Bibi mwenyewe alikionea fahari kama watu wengine wanavyowaonea fahari watoto wao. Maji ya kunywa aliyatia katika mitungi aliyokwisha kuifukiza kwa ubani, kama alivyofundishwa na mamake, na mgeni akionja hushusha kikombe na kuuliza yametoka wapi.

Kitu kimoja tu kilimkera Bibi. Ng'ambo ya ua wa makuti palikuwa na banda la ng'ombe la Mzee Yeslam. Mzee Yeslam aliuza maziwa mazuri, lakini ulimi wake ulikuwa mchachu. Mpira wa watoto ukiangukia bandani kwake, ulirudi umepasuka, na nyuma yake yalifuata matusi ya kutosha timu nzima.

Wiki hiyo alifika shuleni mgeni. Alikuwa mwanamke mrefu, amevaa buibui linalonukia udi, na amebeba sanduku la barafu kama wauza samaki.

"Huyu ni Daktari Suad Barakat," alisema Mwalimu Chengo. "Amezaliwa hapa hapa Mombasa, akasoma hadi chuo kikuu. Amekuja kupima maji yetu. Boga, funga mdomo, nzi wataingia."

"Shikamoo Daktari!" darasa zima lilimwamkia.

"Marahaba. Niambieni, ng'ombe akiugua hupewa nini?"

"Dawa!"

"Na dawa ikimaliza kazi mwilini mwake, huenda wapi?"

Boga aliinua mkono nusu, akaushusha. "Nikisema nitachapwa."

"Sema, hakuna atakayekuchapa."

"Hutoka kwa nyuma, Daktari."

Darasa lilivunjika kwa kicheko, lakini Daktari Suad hakucheka. "Hasa!" alisema. "Huyu amejibu. Dawa za kuua vijidudu, zile tunazoziita antibiotiki, nyingi hutoka katika mkojo na mavi zikiwa bado ni dawa. Mvua inanyesha, zinaoshwa, zinaingia mitaroni, visimani, hadi kule mikokoni. Mimi nataka kujua ni kiasi gani."

"Si ndiyo vizuri?" aliuliza Tumu. "Tutakunywa maji yenye dawa, hatutaugua."

"Ungekunywa kipimo kamili, labda. Lakini huku kuna chembe tu. Vijidudu vikionjeshwa chembe chembe kila siku, havifi. Vinaizoea. Siku utakapougua kweli upewe dawa ile ile, itakuwa kazi bure."

"Ni kama Boga na fimbo," alidakia Mwalimu Chengo. "Mwanzo alilia. Siku hizi ananiuliza kama nimechoka."

Daktari Suad alitaka wanafunzi wa kumsaidia kuteka maji alfajiri, kabla ndoo nyingi hazijakoroga visima. Tumu aliinua mkono na nusu ya mwili pamoja nao. "Mimi, Daktari! Kisima kikubwa ni chetu. Hakuna anayejua kukiteka kama mimi." Akapewa kisima. Boga akapewa mtaro unaopita chini ya banda la Mzee Yeslam, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyemeza shubiri. Wengine wakapewa kisima cha msikiti na mitaro mingine.

"Sikilizeni," alisema Daktari Suad, akiwaonyesha chupa za kioo cheusi. "Ni nyeusi kwa sababu jua huziharibu dawa hizi. Nimeziosha mwenyewe. Usizisuuze. Usiingize kidole. Usitie kitu chochote. Jaza, funga, niletee nitie kwenye barafu. Mmenisikia?"

"Tumesikia!"

Jumamosi alfajiri Tumu aliteka maji kwa adabu kubwa, ndoo isiguse ukuta wa kisima. Aliporudi kibarazani kuchukua chupa, alimkuta Bibi Mastura ameipindua juu ya chetezo, moshi wa ubani unapanda ndani yake taratibu.

"Bibi! Daktari amesema tusitie kitu!"

"Nimetia nini mie?" Bibi alishangaa. "Huu ni moshi. Chupa yanuka duka la dawa. Mwana wa watu ametoka chuo kikuu kuja kutazama maji ya kisima changu, nimpelekee kwenye chupa inayonuka? Watasema Mastura hakulelewa."

Tumu alisita. Moshi kweli si kitu. Hauna uzito, na ukifungua mkono haumo. Tena Bibi alishaifukiza, na chupa nyingine haikuwepo. Akajaza maji, akafunga, akakimbia shuleni.

Daktari Suad alikuwa amegeuza ghala la shule kuwa maabara. Tumu na Boga waliruhusiwa kutazama wakisimama mbali, mikono nyuma. Waliona mambo ambayo hawakuwahi kuyaona. Daktari aliyapitisha maji ya kila chupa polepole katika kichujio kinachonasa dawa, kisha akaitoa ile dawa iliyonaswa kwa matone machache tu. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima na hakuketi hata mara moja. Mikono yake ilikwenda bila haraka wala kusita. Boga alipopiga chafya, Daktari alikitupa kisahani kizima kilichokuwa mbele yake, akaanza kingine bila kununa.

"Kwa nini umekitupa?" Boga aliuliza kwa aibu. "Sijakifikia."

"Huenda hukukifikia. Lakini sitaki kwenda kuwaambia watu jambo la huenda."

Halafu akawaeleza. Kila kisahani cha kioo kilikuwa na ute ulioganda, na ndani yake vijidudu visivyodhuru vilivyopandwa kama mbegu. Vikikua, ute hugeuka mweupe kama tui. Juu yake Daktari aliweka viduara vya karatasi vilivyolowa yale matone. Penye dawa vijidudu haviwezi kukua, na kiduara hubaki kimezungukwa na pete safi isiyo na weupe. Dawa ikiwa nyingi, pete ni pana. Visahani vililazwa katika sanduku la mbao lenye balbu ndani ya kutia joto, alilolitengeneza mwenyewe baada ya kuambiwa mashine yenye kazi hiyo haitapatikana.

Tumu alirudi nyumbani akitembea kama Daktari Suad, mgongo wima, mikono haigusi kitu. Bibi akamuuliza kama shingo inamuuma.

Jumapili asubuhi sanduku lilifunguliwa. Kisahani cha kisima cha msikiti kilikuwa cheupe tupu. Cha mtaro wa Boga kilikuwa na pete nyembamba. Cha kisima cha Bibi Mastura kilikuwa na pete pana kupita zote.

Daktari Suad alikikazia macho. "Ajabu," alisema. "Mtaro uko chini ya banda, lakini kisima ndicho chenye nyingi? Nitapima tena kabla sijasema neno. Na nyinyi msiseme neno."

Lakini kumwambia Boga asiseme neno ni kama kuiambia mvua isiloweshe. Kabla ya adhuhuri Junda nzima ilijua kwamba kisima kimejaa dawa ya ng'ombe. Wanawake walimwaga ndoo zao barabarani. Foleni iliyokuwa haiishi ikaisha. Na kwa kuwa kila mtu alijua ng'ombe ni wa nani, hakuna aliyengoja kipimo cha pili. Mzee wa mtaa akatangaza baraza Jumanne baada ya swala ya alasiri, na lilikuwa na ajenda moja: ng'ombe wa Yeslam waondoke Junda.

Jioni hiyo Mzee Yeslam alikuja kibarazani kwa Bibi Mastura. Hakuja na matusi.

"Mastura," alisema, "mimi nimelelewa na maji ya kisima hiki. Nikitibu ng'ombe, naosha ndoo yangu mtaroni, huko chini. Kisimani, wallahi, sijatia kitu. Leo maziwa yangu yote yamerudi. Nikiambiwa niondoe ng'ombe, niwapeleke wapi? Na wanangu watakula nini?"

"Kipimo kimesema, Yeslam," alijibu Bibi kwa huzuni. "Mie ni nani nibishane na kipimo?"

Mzee Yeslam aliondoka. Kutoka dirishani Tumu alimwona akiwamwagia paka maziwa, galoni zima, na paka wenyewe wakishindwa kuyamaliza.

Usingizi haukumjia vizuri. Alimkumbuka Daktari akishangaa mbele ya kile kisahani. Maji ya mtaroni pete nyembamba, maji ya kisimani pete pana. Ni kitu gani kilichokuwemo katika chupa yake ambacho hakikuwemo katika chupa ya Boga? Jibu lilikuja, naye akaligeuzia mgongo. Likamzunguka likaja upande wa pili.

Akisema, Daktari atajua kwamba yule aliyejigamba mbele ya darasa alishindwa kufuata agizo moja dogo. Mwingine atapewa kisima. Na Bibi je? Mtaa mzima utasema Bibi Mastura ndiye aliyekichafulia kisima chake jina. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na atakayeondoka ni mtu aliyepasua mpira wao.

Lakini kila alipofumba macho aliwaona wale paka.

Jumatatu, kabla ya kengele, Tumu aligonga mlango wa ghala.

"Daktari, kile kisahani chetu kina kosa. Nami ndiye niliyekosa." Akaeleza yote, chetezo na moshi, bila kumficha Bibi wala kujificha nyuma ya Bibi. "Nilidhani moshi si kitu. Lakini nilijua ulikataza. Nilijua."

Daktari Suad aliketi juu ya kreti, mara ya kwanza Tumu kumwona akiketi. Kisha akajipiga paji la uso.

"Ubani! Wallahi niliusikia nilipofungua chupa! Niliusikia, na sikushtuka. Mimi nimekulia Mji wa Kale, Tumu. Maji yote niliyokunywa utotoni yalinukia hivyo. Pua yangu ikaniambia, haya ni maji ya nyumbani, endelea na kazi. Mtu wa kutoka bara angeuliza pale pale, 'Harufu gani hii?' Mimi na buibui langu la udi nikapita moja kwa moja."

"Kwa hiyo Mzee Yeslam hana kosa?"

"Taratibu. Wewe wadhani ni moshi. Mimi pia nadhani ni moshi. Twataka kumtetea mtu kwa kudhani, kama wengine walivyomshtaki kwa kudhani? Tupime. Nenda kaniitie bibi yako, na aje na chetezo."

Bibi Mastura aliposikia, kwanza alikasirika. "Ubani wangu? Ubani ambao wasultani walijifukizia?" Kisha akachukua mtandio wake.

Aliingia shuleni wakati wa gwaride, chetezo mkononi, moshi nyuma yake kama mkia. Wanafunzi waligeuka wote kwa pamoja.

"Shikamoo Bibi," alisema Mwalimu Chengo. "Kuna arusi?"

"Marahaba. Kuna kesi," alijibu Bibi, akapita.

Daktari Suad alitoa chupa mbili safi. Bibi akaifukiza moja kama alivyofanya siku ile, muda ule ule, ubani ule ule. Nyingine haikufukizwa. Zote mbili zikajazwa maji ya maabara, yale ya mvuke uliokusanywa, yasiyo na chembe ya kitu. Kisha Tumu akaenda kuteka maji ya kisima tena, katika chupa ambayo safari hii aliikumbatia njia nzima kama mtoto mchanga. Boga naye akarudishwa mtaroni.

"Mimi nilifanya sawa!" alilalamika. "Kwa nini narudia?"

"Kwa sababu aliyefanya sawa haogopi kurudia," alisema Daktari.

Jumanne asubuhi walikuwa watano mbele ya lile sanduku: Daktari, Mwalimu Chengo, Bibi, Tumu na Boga. Maji matupu katika chupa isiyofukizwa: kisahani cheupe. Maji matupu katika chupa iliyofukizwa: pete pana, nzuri, ya mviringo kama bangili. Hapakuwa na dawa ya ng'ombe hata tone. Na kisima cha Bibi Mastura, katika chupa safi, kilikuwa cheupe tupu.

"Yarabi," alinong'ona Bibi. "Moshi wangu umeua."

"Umeua vijidudu, Bibi," alisema Daktari Suad, akicheka. "Si mtu. Bado tuna muda."

Alasiri uwanja ulijaa. Mzee wa mtaa hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Daktari Suad aliviweka visahani juu ya meza, akamwita yeyote anayetaka aje aone kwa macho yake, akaeleza jambo lote kwa maneno ambayo hata watoto waliyafuata. Alianza na kosa lake mwenyewe. Tumu akasimama, akasema lake. Kabla hajamaliza, Bibi Mastura aliinuka.

"Mtoto aliniambia nisitie kitu. Mkono uliofukiza ni huu hapa. Yeslam, niwie radhi, na mbele ya watu hawa wote."

Minong'ono ilienea. Wale waliopiga kelele zaidi Jumapili ndio waliotazama chini zaidi. Mzee Yeslam alivuta pumzi ndefu, akajinyoosha, akafungua kinywa kuwaambia watu wa Junda yale yaliyomjaa moyoni tangu juzi.

"Usianze bado, Mzee Yeslam," alisema Daktari kwa upole. "Kuna kisahani kimoja hujakiona."

Kilikuwa cha mtaro. Pete ilikuwa pale pale, nyembamba kama mara ya kwanza.

"Hii si moshi. Hii ni ile ndoo unayoiosha mtaroni ukimaliza kutibu ng'ombe. Kisimani haijafika. Lakini mtaro haukai, unashuka mikokoni, na huko watoto huvua kaa. Tangu Jumamosi nimeupima mtaro huu na mingine, na wako si mbaya kupita ya wenzako. Sikuja kukufukuza. Nimekuja kukuambia ulichokuwa huwezi kukiona."

Mzee Yeslam alikitazama kisahani, akakiinua kwenye mwanga, akakirudisha mezani polepole.

"Kijipete hiki?" aliuliza. "Hiki ndicho changu?"

"Ndicho."

"Basi hiki nakikubali. Kile kikubwa nilikikataa kwa sababu hakikuwa changu."

Siku iliyofuata alichimba shimo mbali na mtaro na mbali na kisima, akaanza kuoshea ndoo zake huko. Daktari wa mifugo alimfundisha kutoa dawa kwa ugonjwa, si kwa mazoea, na kumaliza kipimo kilichoandikwa. Daktari Suad naye aliwaonya watu wa kisimani: "Nimepima aina hii ya dawa tu. Sikusema maji hayana kitu kingine. Endeleeni kuchemsha." Foleni ikarudi, na lawama za Boga zikarudi pamoja nayo.

Mwezi ulipopita, Daktari Suad alikuja tena na sanduku lake la barafu, akampa Tumu chupa nyeusi bila hata kumkumbusha masharti. Safari hii alimtuma mtaroni. Asubuhi ya matokeo, Mzee Yeslam alifika ghalani kabla ya wote, amevaa kanzu ya Ijumaa, akakaa kwenye benchi la wanafunzi huku magoti yake yakifika kifuani. Hakuwahi kusoma shule maishani mwake.

Sanduku lilipofunguliwa, alinyoosha shingo. Kisahani cha mtaro kilikuwa cheupe, kote, hadi ukingoni.

"Nimefaulu?" aliuliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna mtoto wa Junda aliyewahi kuisikia.

"Umefaulu, Mzee Yeslam."

Daktari Suad aliwageukia Tumu na Boga. "Mnajua kwa nini nimeweza kumwambia hivyo, naye akaamini, na mtaa mzima ukaamini? Si kwa sababu ya visahani hivi. Visahani havijui kisima ni cha nani, wala ng'ombe ni wa nani. Huonyesha tu kilichotiwa katika chupa. Ni kwa sababu siku ile mtu mmoja mwenye makosa alikuja kugonga mlango wangu ilhali angeweza kunyamaza. Kosa lililosemwa mapema hurekebishwa kwa siku moja. Lililofichwa huenda likamhamisha mtu na ng'ombe wake. Kazi yoyote mtakayofanya, ya maji, ya dawa, hata ya kuuza maziwa, fanyeni kwa uangalifu. Na mkikosea, semeni."

"Msikilizeni mwana wa watu," alisema Mzee Yeslam akiinuka kwa shida kutoka kwenye benchi. Akamtazama Tumu kutoka juu hadi chini. "Na wewe, waambie wenzako. Mpira ukiangukia kwangu, mje mgonge mlango."